Maji ya Mkwe

Naapa kwa kaburi la marehemu baba yangu, na huyo alikuwa mtu wa hasira hata akiwa hai: haya ninayowaambia ni kweli tupu. Yametokea hapa hapa Nyamasaria, nyuma ya pale malori yanapolala, na bwawa lenyewe bado lipo. Mwenye shaka aende achovye kidole. Nikipatikana nimetia chumvi hata punje moja, samaki wa leo hapa kwa Debra ni juu yangu, meza hii yote, na supu pia. Debra ni shahidi. Debra, umesikia. Haya, vuteni viti.

Siku Dishon, mwenye bwawa, alipokwenda kwa Amit kuulizia kifuniko cha bwawa hilo, mkewe Beldina alimfuata nyuma huku viganja vimemlowa jasho. Mtu angedhani ni jua. Halikuwa jua. Beldina alikuwa anaogopa mumewe atasema hapana.

Amit alikuwa muuza vifaa vya ujenzi, mtu wa maneno machache na kalamu sikioni. Aliitandaza ile plastiki ya buluu sakafuni pale dukani. Ilikuwa na malengelenge madogo madogo upande mmoja, kama ngozi ya mtu aliyeungua na mvuke.

"Bwana Amit," Dishon akasema, "hii ni Kisumu. Jua la hapa mbwa analikimbia. Wewe unataka niyavalishe maji sweta?"

"Mchana sina shida na wewe, Mzee. Mchana jua linapasha maji bure. Shida ni usiku. Upepo unatoka ziwani, maji yanapaa kama mvuke, na yakipaa yanaondoka na joto. Asubuhi unabaki na baridi, na maji yamepungua."

"Yanapungua kwa sababu bwawa linavuja."

"Nani amekuambia linavuja?"

Hakuna aliyemwambia Dishon. Aliamka tu asubuhi, akakuta maji yameshuka chini ya alama ya vigae, akaagiza lori la maji, akalaani fundi. Alikuwa amemlaani fundi huyo kwa muda mrefu.

"Halivuji," Amit akasema. "Hewa ndiyo inakunywa. Na chukua hiki kipande, sikuuzii. Weka karai mbili nje, maji ya jua yale yale. Moja funika, moja acha wazi. Kesho asubuhi tia mkono, halafu uje tubishane."

Lile bwawa ndilo lilikuwa maisha ya Dishon yote. Kiwanda cha sukari kilipompunguza kazini, alichukua malipo yake akachimba shimo nyuma ya nyumba, na watu wakamcheka mpaka wakachoka: mtu ana ziwa zima mlangoni, anachimba dimbwi. Baadaye shule zikaanza kutaka watoto wafundishwe kuogelea, na mwalimu mmoja, Bridget, akaleta wake. Lakini watoto wa saa mbili asubuhi walikuwa wakitoka majini midomo imekuwa ya kijivu, na mwalimu mkuu ameanza kuulizia bwawa la hoteli.

Asubuhi iliyofuata Dishon aliinama juu ya karai, akatumbukiza kiwiko kama mama anayejaribu maji ya mtoto. Karai ya wazi ilimfanya avute mkono haraka. Ile ya pili, akaacha kiwiko humo. Akakiacha muda mrefu. Kisha akainua macho polepole akamtazama mkewe.

"Umemwaga maji moto humu."

"Mimi, Baba Okinyi?"

"Unataka sana hii kava. Tangu juzi unaimba kava. Nimekuoa miaka yote hii, haujawahi kupenda kitu cha swimming hata siku moja."

"Naapa sijagusa."

Na ni kweli hakuwa amegusa. Lakini mumewe alikuwa amekaribia kabisa ukweli wenyewe, akaupita bila kujua. Dishon akanunua kile kifuniko, akalipa kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Bridget alikuja kusaidia kukitandaza mara ya kwanza. Alikuwa msichana wa kusema wazi.

"Mnisikie vizuri," akawaambia. "Kava ikiwa juu ya maji, mtu asiingie. Inatolewa yote, au mtu anakaa nje. Usikunje nusu ukaingia nusu. Hiyo kitu ikikugandia usoni hujui juu ni wapi."

Beldina aliitikia kwa kichwa. Alisikia kila neno.

* * *

Sasa, mtu aliyekuwa akitafutiwa yale maji ya alfajiri hakuwa mwanafunzi.

Mama yake Beldina, Mama Achola, alikuwa ameanguka kule kwao Alego akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akaunganishwa, na daktari wa viungo akasema maneno yaliyomnyima Beldina usingizi: huyu mama asipofanya mazoezi ndani ya maji, maji yenye joto, mguu utakauka. Ukikauka hatasimama tena, na mzee asiyesimama hakai sana. Maji baridi hayafai, yanaukaza. Ziwa nalo lilikuwa limezibwa na magugu, na nani amtie bikizee humo?

Maji ya joto yaliyo karibu yalikuwa ya mkwe wake.

Hapo ndipo jambo linapokuwa zito kwa mtu wa kwetu. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe. Hali chakula mbele yake. Mkwe akimwona yuko upande huu wa barabara, anavuka kwenda ule. Sasa mama huyo huyo avue nguo abaki na gagulo, akae ndani ya maji ambamo Dishon hujitosa jioni akiwa na kaptula? Jambo hilo lina jina, na jina lake ni chira, laana ya mwiko uliovunjwa. Linaanza kwa kukonda, halafu kikohozi, halafu linawageukia watoto. Watu wa kanisa husema wameliacha hilo. Subiri mtoto akohoe mfululizo, uone wanavyoulizana kwa sauti ya chini.

Beldina alimpangia mama yake chumba nyuma ya mashine ya kusagia unga, umbali wa kutupa jiwe. Akaenda akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Mama, maji sasa ni ya moto mpaka asubuhi."

"Nimesikia. Mungu awabariki. Mimi siingii."

"Dishon anaamka kukiwa kumekucha kabisa. Tutaingia kabla. Hataona, hatajua."

"Na maji? Maji hayatajua?"

"Maji hayana mdomo, Mama."

"Nyathina, mtoto wangu, nimezaa wewe, sijazaa mjinga." Bikizee akautazama mguu wake, ulionyooka mbele yake juu ya godoro kama mwiko wa ugali. Akautazama sana. "Nikifa nimekauka nikiwa nimekaa hivi, mtanizikaje? Jeneza litabaki mlango wazi."

Beldina akacheka, akajikuta analia.

"Akijua," mama akasema, "ndiyo imeharibika. Asipojua, ni mimi na Mungu tu. Mungu nitaongea naye. Mkwe wangu sitaweza."

Hivyo ndivyo walivyokubaliana: Dishon asijue. Kutojua kwake ndiko kulikuwa ukuta kati ya ile familia na balaa.

Mama Achola alikuwa akiletwa kwa toroli, lile la mchanga, amekaa juu ya gunia, leso imemfunika mpaka machoni. Mwanamke aliyewahi kuwa mwenyekiti wa kina mama wa parokia nzima alisukumwa vichochoroni kama saruji, na kila jiwe lililogonga gurudumu aliuma meno asitoe sauti. Mlango wa nyuma ulifunguliwa na Walubengo, mlinzi.

"Mama Okinyi," Walubengo alimwambia Beldina siku ya kwanza, "kwetu mkwe akitokea, mimi naingia hata mtaroni. Kwa hivyo sijaona mtu. Hata wewe sijakuona. Hata sasa hivi siongei na wewe." Akafungua kufuli, akaenda kusimama akiutazama ukuta.

Beldina hakukitoa kifuniko chote. Kilikuwa kizito, kinapiga kelele kikivutwa, na dirisha la chumba cha Dishon liko pale pale. Alikunja kipande tu upande wa ngazi, penye kina kifupi, akamteremsha mama yake taratibu akishika chuma. Mama alipofika majini mpaka kiunoni alishusha pumzi ambayo pengine alikuwa ameishikilia tangu aanguke.

"Beldina. Ni kama chai iliyosahauliwa."

"Baridi?"

"Si baridi. Imesahauliwa tu kidogo."

Akaanza kurusha mguu mbele na nyuma, polepole, na Beldina akachuchumaa ukingoni akisikiliza. Jogoo akiwika, anageuka. Dirisha likilia, anashika ukingo wa kifuniko tayari kukivuta. Alikuwa ameacha kuogopa giza. Alichoogopa ni mwanga ule wa upande wa Kano, jua linakochomoza, unaoanza kama majivu, kwa sababu ukishatosha kuonyesha jani juu ya maji, umetosha kuonyesha na mama.

* * *

Mguu ukaanza kukunjika. Asubuhi moja Mama Achola alisimama chumbani kwake akiwa ameshika kitanda kwa kidole kimoja tu, akamtazama binti yake kama mwizi aliyefanikiwa.

Jioni ya siku hiyo hiyo Dishon aliusukuma ugali pembeni.

"Mama Okinyi. Kuna kitu kinalala kwenye maji yangu."

Beldina aliendelea kuchambua samaki. Mwiba ukamchoma, hakuusikia.

"Kitu gani?"

"Punguza sauti. Shule ikisikia nimeisha." Dishon akainama. "Asubuhi kava haiko vile niliiacha. Imekunjika pale kwa ngazi. Na kwa simiti kuna maji, yamekokotwa, kama tumbo limepita hapo."

"Ni upepo."

"Upepo una tumbo? Na kuna harufu. Kali, kama dawa ya kuchua. Mamba ana harufu yake, Absalom ameniambia."

Absalom alikuwa mvuvi wa Dunga, rafiki wa Dishon tangu utotoni, na mtu huyo hakuwahi kuulizwa swali la mamba akakosa jibu. Hata mimi nisingeweka pesa yangu kwenye maneno yake. Lakini mtu wa ziwani hahitaji Absalom kujua jambo hili. Magugu yakifunika maji, chini yake panatulia na kupata joto, na vinavyopenda utulivu na joto huja hapo: chatu, mamba, kiboko na ndama wake. Mtoto wa Kisumu hufundishwa kabla hajajua kusoma: maji yaliyofunikwa usiyakanyage.

"Nimejifunikia magugu yangu mwenyewe," Dishon akasema. "Kwa pesa yangu. Narudisha hiyo plastiki kwa Amit."

"Usirudishe."

"Kwa nini?"

"Watoto hawatetemeki tena asubuhi. Mwalimu amefurahi. Na lori la maji haujaliita siku nyingi, umeona?"

"Nimeona. Kava ni nzuri, sijakataa. Lakini mamba akimla mmoja, Mama Okinyi, wote waliobaki watatetemeka." Akamtazama usoni. "Ama unajua kitu sijui?"

Beldina akatazama sahani. Angesema hapo, lingeisha hapo. Mamba angekufa. Lakini mahali pa mamba pangekaa neno lile lingine, na neno hilo halifukuzwi kwa tochi.

"Sijui kitu," akasema.

Kesho yake Dishon alirudi kutoka Dunga na mkuki wa Absalom, ule wa zamani wenye mpini mrefu, akausimamisha nyuma ya mlango wa chumba. Kila Beldina alipofunga mlango, mkuki uliinama kidogo upande wake.

Akaenda kwa mama yake akamwambia wapumzike. Wakapumzika. Mguu ukapumzika pia, na ulipopumzika ukaanza kurudi kuwa mwiko. Siku ambayo Mama Achola alijaribu kuinuka akakaa tena bila kutaka, hakulia. Alisema tu, "Tafuta siku moja."

Siku ikapatikana. Kulikuwa na matanga Ahero, ya mtu aliyefanya kazi na Dishon kiwandani, na Dishon akasema atakesha huko na kurudi baada ya mazishi. Mkuki akauchukua, akasema barabara ya Ahero si ya kuamini. Beldina alimsindikiza mpaka langoni. Alingoja mpaka pikipiki ikapotea kabisa, kisha akafunga lango, akaenda kumwambia mama yake.

* * *

Alfajiri hiyo maji yalikuwa na joto kuliko siku zote. Jua la siku kadhaa lilikuwa limelala humo chini ya ile plastiki bila mtu wa kuliamsha. Mama Achola aliingia, akafunga macho, akaanza kazi yake. Beldina hata alithubutu kukaa chini.

Ndipo Walubengo alipopaza sauti kule lango la mbele, sauti ya mtu anayehubiri sokoni.

"Mzee Dishon. Karibu nyumbani, Mzee Dishon. Umerudi mapema hivi, Mzee Dishon, matanga yameisha?"

"Mbona unapiga kelele, wewe? Fungua."

Dishon alikuwa ameshindwa kukesha. Wazee wa Ahero walikuwa wameketi kando ya moto wakizungumza habari za mamba, yupi alimchukua nani na mahali gani, na kila hadithi ilimwonyesha Dishon mwanafunzi wa Bridget akishuka ile ngazi. Alivumilia mpaka akashindwa, akapanda pikipiki.

Kumtoa mama majini kulihitaji utulivu na muda. Muda haukuwepo. Beldina alitazama mlango wa nyuma, akatazama toroli, akamtazama mama yake.

"Mama. Shika chuma. Inama."

Akakivuta kifuniko mpaka ukingoni. Mama Achola akatoweka. Likabaki bonge dogo la buluu karibu na ngazi, linapanda na kushuka.

Dishon akatokea kwenye kona, tochi mkono mmoja, mkuki mkono mwingine.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Nilisikia kitu," Beldina akasema. "Kimeenda. Twende ndani."

Mwanga wa tochi ukatembea juu ya plastiki. Ukapita lile bonge, ukasimama, ukarudi.

"Usisogee," Dishon akanong'ona. "Liko hapo."

"Ni hewa hiyo. Bridget alisema hewa huingia chini."

Bonge likakohoa.

Dishon akaelekeza tochi hapo hapo.

"Mamba hakohoi," Beldina akasema.

"Najua." Dishon akarudi nyuma hatua moja. "Kiboko ndiye anakohoa."

Akauinua mkuki. Na hapo, jamani, mfikirieni huyo mwanamke. Akisema "ni mama," amemwokoa mama na mkuki, na amevunja ule ukuta kwa mdomo wake mwenyewe: mumewe atakuwa amejua, na amejua akiwa amesimama juu yake, naye mama yumo majini nusu uchi. Asiposema, mkuki unashuka. Alifungua mdomo. Hewa ikatoka peke yake.

Dishon akarusha. Mkuki uliruka ukilia kama nyuki, ukatoboa kifuniko, ukasimama wima ukitetemeka, kiganja kimoja tu kutoka kwenye kitambaa cha kichwa cha yule bikizee.

Beldina akaruka. Hakujua kuogelea, wala hakuliwaza hilo. Aliruka juu ya ile plastiki kati ya mumewe na mamaye, na plastiki ikafanya kile Bridget alichosema itafanya: ikabonyea, ikamkunja, ikamfunga kama samosa. Uso ukagandiwa. Alipiga mikono, akagusa malengelenge, akageuka, akagusa malengelenge. Juu palikuwa wapi? Maji yale ya joto aliyoyatafuta kwa ujanja wote yalimwingia puani. Akawaza kitu kimoja tu, kwamba mwanawe Okinyi hajafuliwa sare.

Mkono ukamkamata nyuma ya shingo. Mkono mgumu, wa mtu aliyelima maisha yake yote. Ukamwinua, na kichwa chake kikatoka hewani, na pembeni yake alikuwa mama yake, amesimama. Hakushika chuma. Mkono mmoja ulikuwa shingoni mwa binti yake, mwingine umeinua ukingo wa kifuniko kama pazia, na miguu yote miwili ilikuwa imekanyaga sakafu ya bwawa.

"Dishon," sauti ikasema kutoka chini ya plastiki. "Tazama ukuta."

Dishon aliijua sauti hiyo. Aliisikia mara ya mwisho ikikataa ng'ombe wake mmoja wa mahari kwa sababu ya pembe. Aligeuka kwa kasi, ndala moja ikabaki nyuma, akaegemeza paji la uso ukutani.

Wakatoka polepole. Beldina akamfunika mama kwa leso zote mbili na gunia.

"Umeona nini?" Mama Achola akauliza.

"Ukuta, Mama."

"Kabla ya ukuta."

"Plastiki."

"Baki na hiyo plastiki yako."

Toroli likalia. Lilipofika mlangoni Dishon akakohoa kikohozi cha adabu, bado akiwa ameutazama ukuta.

"Mama. Hayo maji. Ni baridi?"

Toroli likasimama.

"Si baridi," bikizee akasema. "Hicho kitu usikirudishe dukani."

* * *

Msidhani hofu iliishia hapo. Juma hilo Okinyi alikohoa, na kila alipokohoa, Dishon na Beldina waliacha walichokuwa wakifanya, kila mmoja asimtazame mwenzake. Dishon alikonda, au alijiona amekonda, akawa anajipima mkanda. Beldina alikaa akingoja aambiwe arudi kwao na mama yake na toroli lao.

Badala yake, jioni moja, Dishon alileta mabati. Akayagongelea kuzunguka upande wa ngazi, akaweka mlango mdogo na kufuli. Ufunguo akamwachia mkewe mezani bila neno.

"Mimi sitaingia tena kwenye hiyo swimming," akasema baadaye, akitazama dirisha. "Siyo yangu. Ni ya biashara. Na mteja yeyote akilipa langoni, maji yake amenunua. Maji ya kununua si maji ya mtu. Ama namna gani?"

"Ndiyo, Baba Okinyi."

"Basi mwambie mteja alipe."

Toka hapo Mama Achola hulipa kwa Walubengo kama mtu mwingine yeyote, na Walubengo hupokea huku ameutazama ukuta. Kikohozi cha Okinyi kilipona. Kilikuwa cha vumbi. Na Dishon ndiye mtu pekee Nyamasaria mwenye bwawa lenye joto mpaka asubuhi, ambaye huoga kwa ndoo. Tundu la mkuki limezibwa kwa gundi, liko hapo mpaka leo, na...

"Tundu gani?" Mathews akauliza.

Mathews huyu hukaa mwisho wa meza na husikia vizuri kuliko inavyohitajika. Nikamwambia tundu la mkuki. Akasema yeye ndiye alimsaidia Dishon kukiosha kile kifuniko wiki iliyopita, pande zote mbili, na hakina tundu. Nikamwambia gundi ya siku hizi ni nzuri sana.

"Nani amesema mkwe wangu alinirushia mkuki?"

Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Sikuhitaji kugeuka, lakini niligeuka. Mama Achola alikuwa amesimama pale na fimbo moja, Beldina nyuma yake amebeba kikapu tu. Hapakuwa na toroli. Na ndipo nilipomtambua mtu wa kule pembeni, aliyekuwa anakula nikisimulia: alikuwa amekwisha kugeuza kiti chake, uso ukutani, sahani mapajani.

"Alikuwa nao," bikizee akasema, akiniangalia mimi peke yangu. "Aliuinua. Nilimwona kupitia hiyo plastiki, kivuli chote kinatetemeka kama jani. Halafu akauangusha chini mwenyewe. Ni ule mlio wa chuma kwa simiti ulifanya binti yangu aruke. Mkwe wangu hakurusha kitu. Hajarusha hata jiwe kwa mbwa. Jina lake mtu asiniharibie."

Kule ukutani kijiko kilisimama.

Nilijaribu kusema kwamba mkuki ukianguka au ukirushwa, kwa aliye chini ya maji ni yale yale. Hakuna aliyenisikia. Debra alikuwa ameshika mwiko wake, anahesabu vichwa vya meza nzima kwa macho, na wawili walioongezeka mlangoni. Mama Achola akatembea mpaka meza ya mbali, hatua kwa hatua, akaketi bila kushikwa, akampa Dishon mgongo kama inavyotakiwa.

Nikatoa pochi. "Haya, Debra. Samaki kwa wote."

"Na supu," sauti ikasema, kutoka upande wa ukutani.